Kutunza Nyasi za Uwanja wa Gofu: Mwongozo Kamili kwa Mchezaji

Mpira uliopigwa juu ukitua kwenye grini laini, lile eneo la nyasi fupi lenye tundu, huzibonyeza nyasi na mara nyingi huzichana. Kurekebisha kibonyeo hicho ni kazi ya sekunde chache. Kikiachwa, nyasi zilizokandamizwa hukauka na kuacha doa la kahawia kwa wiki kadhaa, na ukingo ulioinuka hukwanguliwa na mashine kesho yake asubuhi hadi kwenye udongo. Sasa piga hesabu: wachezaji 100 kwa siku, kila mmoja akiacha vibonyeo 8 tu, ni vibonyeo 800. Hakuna klabu yenye wafanyakazi wa kuvipitia vyote kila jioni.

Naandika nikiwa upande wa wanaoshika reki alfajiri, na nawaandikia wanaofika saa mbili asubuhi na fimbo zao. Karibu kila jambo nitakaloeleza hapa linatokana na swali moja: nyasi hii inakua kuanzia wapi? Ukilijua hilo, utajua mahali pa kuchomeka uma, mahali pa kumwaga mchanga na mahali pa kutokanyaga kabisa.

Unakanyaga nyasi gani?

Viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi ya kikuyu kwenye feawei, ile njia pana ya nyasi iliyokatwa inayoelekea kwenye grini. Asili ya nyasi hii ni hukuhuku kwetu, kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kutoka huku imesambaa hadi Afrika Kusini, Australia na California. Klabu ya Riviera huko Los Angeles inajulikana kwa feawei zake za kikuyu. Ni nyasi yenye nguvu. Hutambaa juu ya udongo na chini yake, na ikikatwa hurudi yenyewe.

Pwani na maeneo ya joto, nyasi inayotawala ni ukoka, ambao wengi siku hizi wanauita bermuda. Ukoka wa feawei unaweza kuwa wa kawaida, lakini wa kwenye grini huwa mahuluti ya majani membamba kama Tifdwarf, yaliyotokana na utafiti wa Tifton, jimbo la Georgia, Marekani. Mahali ambapo maji ya kumwagilia yana chumvi hupandwa paspalumu, inayostahimili chumvi kuliko karibu nyasi nyingine yoyote ya uwanjani.

Kikuyu, ukoka na paspalumu zote zinatambaa. Jeraha likiwa dogo na likizibwa vizuri, mashina ya pembeni huingia na kulifunika. Nyasi za baridi kama benti, zinazotumika kwenye baadhi ya grini za milimani, hazina kasi hiyo kwenye jua letu, na zikiungua hazirudi upesi.

Kuna jambo jingine la kuzingatia, nalo ni urefu. Nyasi ya grini hukatwa kwa milimita 3 hadi 5. Ya feawei huachwa kwa milimita 10 hadi 15, pengine zaidi. Jani ndilo jiko la mmea, kwa hiyo nyasi ya milimita 4 inaishi kwa chakula kidogo sana na mizizi yake huwa mifupi. Ndiyo maana kosa lilelile halisameheki sawa: kwenye feawei uwanja unalimeza, lakini kwenye grini unaliugua. Na grini zote 18, ukizikusanya pamoja, kwa kawaida ni kama hekta moja tu ya uwanja mzima.

Kabla hujapiga mpira wa kwanza

Weka uma wa kurekebishia grini mfukoni, si ndani ya begi. Ukiwa ndani ya begi, begi likiwa nje ya grini, hutaurudia. Chukua chupa au kimfuko cha mchanga kwenye klabu, au hakikisha kedi wako, yaani mbeba fimbo, anacho. Angalia soli za viatu, kwa maana changarawe ndogo iliyonasa huchora mstari kila unapogeuka.

Halafu kuna dawa ya mbu. Watu hujipulizia miguuni wakiwa wamesimama kwenye nyasi, na baada ya siku mbili tunakuta alama mbili za nyayo, zenye rangi ya kijani katikati, zikiwa zimezungukwa na nyasi iliyoungua. Dawa hizo, na baadhi ya mafuta ya jua ya kupulizia, huunguza majani. Simama kwenye lami, kwenye sakafu ya klabu au kwenye changarawe, jipulizie, kisha ndiyo uingie uwanjani.

Kwenye tii

Tii ni mahali pa kupigia mpira wa kwanza wa kila shimo. Tii za par 3, yaani mashimo mafupi ya mapigo matatu, ndizo zinazoteseka zaidi, kwa sababu pale mchezaji anatumia fimbo ya chuma na kila pigo linang'oa nyasi. Fanya mambo mawili. Kwanza, majaribio yako ya kabla ya kupiga yasiguse udongo. Ukitaka kuhisi ardhi, jaribu kando, kwenye nyasi ndefu. Pili, ukishapiga, ziba jeraha lako kwa mchanga kutoka kwenye sanduku lililo pale. Usirudishe kile kipande kilichong'oka. Kwenye tii karibu kila mara kimesambaratika, na kitageuka takataka ya kuteleza chini ya mguu wa mwenzako.

Kwenye uwanja wa mazoezi kuna siri ambayo wachezaji wachache wanaijua. Ukipiga mipira 50 huku unahamahama, unaacha eneo zima limetobolewa, na nyasi haina pa kuanzia. Weka mpira mmoja nyuma tu ya jeraha la mpira uliotangulia, uendelee hivyo kurudi nyuma hadi upate mstari mwembamba. Ukimaliza mstari, acha upana wa kiganja wenye nyasi hai, kisha anza mwingine. Ule ukanda wa katikati ndio utakaotuma mashina kulia na kushoto. Mazoezi ni yaleyale, lakini eneo linapona haraka zaidi.

Kwenye feawei: kurudisha au kuziba?

Tulilelewa na amri moja: rudisha kipande cha nyasi. Amri hiyo ilizaliwa kwenye nchi za baridi, na huku kwetu inafaa mara chache. Angalia kipande chenyewe. Kama kimetoka kizima, kina udongo na mizizi chini yake, kirudishe kikielekea vilevile kilivyokuwa, ukikanyage kwa nguvu ili mizizi iguse udongo, na kama una maji kidogo, yamwage. Kama ni majani matupu, au kimevunjika vipande vitano, ambavyo ndivyo hutokea kwenye ukoka mkavu, kitupe kwenye nyasi ndefu na uzibe kwa mchanga.

Namna ya kuziba ina umuhimu. Mimina mchanga hadi ulingane na uso wa udongo unaouzunguka, kisha upitishe soli ya kiatu juu yake. Usiache kichuguu. Mashine ya feawei hukata kwa visu vya silinda vinavyopita karibu kabisa na bamba la chini, na punje za mchanga zinazochotwa na visu hivyo huvitia butu. Kisu butu hakikati jani, kinalichana, na jani lililochanwa hukauka ncha na kufungulia mlango ukungu. Pia usiache bonde, kwa sababu mpira wa mwenzako utaingia humo, na kanuni za gofu hazimpi nafuu: mpira ulio ndani ya jeraha la feawei unapigwa ulivyo.

Hapa nina neno kuhusu makedi. Afrika Mashariki wachezaji wengi hutembea na kedi, na kedi ndiye hubeba mchanga. Lakini nimeona mara nyingi kedi akiinama kuziba huku mchezaji akimwita kwa ukali aje na fimbo. Mpe nusu dakika yake. Na ukiona ameziba jeraha ambalo si lenu, mshukuru, maana hiyo si kazi aliyolipwa kuifanya.

Kwenye banka

Banka ni shimo la mchanga lililowekwa kama kikwazo. Ingia kwa upande wa chini, ulio karibu na mpira. Ukiruka kutoka ukingo wa juu unabomoa ukuta wa mchanga na kukata nyasi zinazoushikilia, na mvua inayofuata huushusha wote. Nenda na reki, uiweke karibu nawe, si mbali hadi ikulazimu kurudi.

Baada ya kupiga, anza na shimo ulilochimba, kisha nyayo zako, ukirudi nyuma kwa njia uliyoingilia. Vuta mchanga kuelekea kwenye mashimo, na usiuburute wote kuelekea pembeni. Banka nzuri ina mchanga wa sentimita 10 hivi chini na sentimita 5 kwenye kuta. Kila mchezaji akivuta kuelekea kwake, baada ya mwezi mmoja chini ni udongo mtupu na ukingo umejaa.

Ukishatoka, gonga viatu vyako kwa fimbo kabla ya kukanyaga grini. Hili watu hulipuuza sana, nami ningependa walizingatie kuliko hata reki. Mchanga unaoingia grini na soli zako ndio unaoharibu visu vyenye makali kuliko vyote tulivyo navyo.

Kwenye grini

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Ukifika, acha begi upande ulio njiani kuelekea tii inayofuata. Usipite kati ya banka na grini ukivuta kitoroli. Kile kipande chembamba hupitiwa na kila mtu na udongo wake hugandamana hadi mizizi ikose hewa. Kisha utafute kibonyeo chako. Kwa kawaida kiko nyuma ya pale mpira uliposimama, lakini kama mpira ulirudi kwa mzunguko, kiko mbele. Kirekebishe hivi:

1. Kama kuna kipande kidogo cha nyasi kilichong'oka na kulala pembeni, kiondoe. Hakitashika tena.

2. Chomeka uma nje ya ukingo wa kibonyeo, mahali nyasi ilipo hai, ukiwa umelazwa kidogo. Anzia upande wa mbele, kule mpira ulikokuwa ukielekea, kwa sababu ndiko nyasi ilikosukumwa.

3. Sukuma mpini wa uma kuelekea katikati ya kibonyeo, ili nyasi ya pembeni iingie kufunika pengo. Ni mwendo wa kukunja mdomo wa gunia, si wa kuchimba muhogo.

4. Zunguka, mara nne au tano, hadi pengo lifungwe.

5. Gandamiza taratibu kwa soli ya puta (fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini) au ya kiatu hadi pawe sawa na pengine.

Kosa linalofanywa na wengi, hata wachezaji hodari wenye handikapu ndogo, ni kuchomeka uma ndani ya kibonyeo na kuinua udongo kutoka chini. Macho yanaona usawa, lakini chini mizizi imekatika. Doa hilo litakufa, tena litachukua muda mrefu kupona kuliko kama nyasi ingeunganishwa kutoka pembeni. Usifanye hivyo. Jipime kwa swali hili: ungekubali mpira wako wa kushinda upite juu ya mahali hapo?

Kwenye grini ngumu za ukoka za pwani, wakati wa kiangazi, mpira huacha alama ndogo tu, na wakati mwingine kugandamiza kidogo kunatosha. Wakati wa masika ni kinyume: vibonyeo huwa virefu na laini. Masika ndiyo majira ya kurekebisha chako na vingine viwili vya jirani. Rekebisha hivyo vya jirani wakati wenzako wanasoma mstari wa mpira, ili usicheleweshe mchezo.

Tangu mwaka 2019 kanuni zinakusaidia zaidi. Kanuni ya 13.1c inaruhusu kurekebisha karibu uharibifu wote kwenye grini kabla ya kupiga: vibonyeo, alama za viatu, mikwaruzo ya fimbo, nyayo za wanyama. Zamani alama za viatu zilikuwa haziguswi kabla ya kupiga, na wazee wengi bado wanaishi na kanuni ile. Usichoruhusiwa kurekebisha ni mashimo ya hewa tunayotoboa sisi, kasoro za asili, na uchakavu wa kawaida wa tundu.

Tundu lenyewe lina kipenyo cha milimita 108, na ukingo wake ni udongo mtupu ulioshikiliwa na mizizi. Hakuna mahali pengine uwanjani panapokanyagwa hivyo. Ikifika saa nane mchana, pete ya nyasi umbali wa hatua moja kutoka kwenye tundu huwa imedidimia, na ukingo wenyewe unabaki umeinuka kidogo kwa sababu watu wote husimama umbali uleule. Simama mbali kadiri mkono wako unavyofika. Toa mpira kwa vidole, si kwa kichwa cha puta. Usiegemee puta unapoinama. Bendera ilaze, usiidondoshe, na ukiirudisha ipeleke wima hadi iguse chini.

Sasa kwa kuwa mtu anaruhusiwa kupiga bendera ikiwa ndani, kuna tatizo la mpira kunasa kati ya mti wa bendera na ukingo. Wengi huivuta bendera kwa nguvu pamoja na mpira, na ukingo hupasuka. Ilaze bendera kidogo upande wa pili, mpira udondoke ndani, kisha uuchukue.

Ukimaliza, inua miguu unapotoka.

Vigari, vitoroli na mvua

Kigari kikivuka nyasi kavu hakina madhara makubwa. Madhara yanakuja pale vigari 40 vinapopita njia moja, au kimoja kinapogeuka ghafla kwenye udongo uliolowa. Fuata utaratibu wa pembe mraba: kaa kwenye njia hadi ulingane na mpira wako, kata moja kwa moja kwenda nao, kisha rudi njiani. Kaa angalau mita 10 kutoka kwenye grini na tii. Ukiona kamba au kigingi, usikiondoe ili upite. Mara nyingi tumekiweka ili kuihamisha njia yenu, pale pa zamani papumzike.

Mvua kubwa ikinyesha na klabu ikatangaza vigari visitoke njiani, au uwanja umefungwa, tafadhali usibishane na mtu wa mapokezi. Udongo uliolowa ukikanyagwa hupoteza matundu ya hewa, na matundu hayo hayarudi kwa kukauka. Ni mashine itakayoyarudisha, miezi baadaye.

Mashimo ya hewa, na watu wa mashine

Malalamiko tunayosikia kuliko yote ni kuhusu kutoboa grini. Kwa kawaida hufanyika mara moja au mbili kwa mwaka: mashine inachomoa vijiti vya udongo vya upana wa milimita 12 au zaidi, urefu wa sentimita 7 hadi 10, kisha mchanga hupigwa brashi hadi kujaza mashimo. Chini ya nyasi hujengeka tabaka la mashina na mizizi iliyokufa, linalofyonza maji kama sponji na kuzuia hewa. Lisipotobolewa, mizizi hukimbilia juu, na joto la mwezi mmoja tu linatosha kuiua grini. Mashimo hayo, yakitobolewa wakati nyasi inakua kwa nguvu, hufungika ndani ya wiki mbili au tatu. Vumilia wiki hizo, na usiyajaze kwa uma wako.

Kwa kazi za kila siku, jua kwamba alfajiri ndiyo saa yetu. Tunapangusa umande ili majani yakauke upesi na ukungu usishike, tunakata grini kwa mwelekeo tofauti na wa jana ili nyasi isilale upande mmoja, tunahamisha matundu, tunachana banka. Ukimkuta mtu kwenye mashine mbele yako, usipige. Subiri akuone na akupungie mkono. Kelele za injini zinamfanya asisikie onyo lako hata ukipiga kelele namna gani.

Ikiwa uko kwenye kamati ya klabu

Weka masanduku ya mchanga kwenye kila tii ya par 3 na mahali pa kujazia chupa baada ya mashimo tisa. Mchanga uwe wa mto, uliooshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi na makombe, usikubali kuununua hata ukiwa rahisi. Kwa tii, mchanganyiko wa sehemu nne za mchanga na sehemu moja ya mboji iliyochekechwa unafaa. Kwa ukoka na kikuyu huhitaji mbegu, mashina yatajaza yenyewe. Hamisha alama za tii kila siku, hata siku ambazo hakuna mashindano.

Kanuni ya 1.2b inawaruhusu kuweka kanuni zenu za maadili zenye adhabu, hata ya pigo moja, kwa mtu anayekataa kutunza uwanja. Kwa maoni yangu adhabu iwe ya mwisho. Anza kwa kumwonyesha mwanachama mpya, uma mkononi, kwenye grini ya mazoezi, siku anayojiandikisha.

Ukiona kitu kisicho cha kawaida

Wewe unatembea uwanja mzima, sisi hatufiki kila kona kila siku. Doa la kijani lililokolea lenye umbo la duara, unyevu mahali pakavu, kundi la kwarara wanaochokoa feawei kwa midomo yao mirefu: kila kimoja kina maana. Duara ni ukungu wa chini ya ardhi, unyevu ni bomba lililopasuka, na kwarara wanafuata mabuu wanaokula mizizi au viwavijeshi. Viwavijeshi tunawahakiki kwa kumwaga ndoo ya maji yenye vijiko viwili vya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye mita moja ya mraba, na kama wapo hupanda juu ndani ya dakika chache. Wanaweza kumaliza feawei kwa siku tatu au nne, hivyo usisubiri mkutano wa mwezi. Piga picha, andika namba ya shimo na upande, kushoto au kulia, karibu na nini, kisha ipeleke ofisi ya uwanja siku hiyohiyo kabla hujakaa kunywa chai.